Mama wa Kambo Haitwi kwa Kipaza Sauti

Nyie vijana mnaoshika kipaza sauti siku hizi mna vitu viwili ambavyo sisi hatukuwa navyo: spika zisizokoroma, na ujasiri wa kusema lolote. Cha kwanza nakionea wivu. Hicho cha pili ndicho kilichonikalisha kitako niandike.

Mimi ni Chacha. Kuanzia Sirari mpakani mpaka Mugumu kule Serengeti, mtu yeyote mwenye umri wa kuoza binti ananifahamu kama MC Chacha. Nimeshereheshea harusi, sendofu, ubatizo, jubilei za mapadre, na mara moja uzinduzi wa josho la ng'ombe, ambako wahusika wenyewe walikuwa watulivu kuliko wageni wote niliowahi kuwahudumia. Nimeacha kazi kwa sababu daktari alinimulika kooni akaniambia nipumzishe sauti. Mke wangu alimshukuru daktari yule kwa mikono miwili, halafu akauliza kama agizo hilo linahusu na nyumbani.

Juzi kijana mmoja wa kazi hii alinijia akaniuliza ni kitu gani kilikuwa kigumu kuliko vyote. Alidhani nitasema umeme kukatika, au mgeni rasmi kulewa kabla ya hotuba. Nikamwambia ni mama wa kambo. Akacheka. Nikamsubiri amalize, kwa sababu hata mimi nilianza kwa kucheka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Matiko, ambaye kabla ya harusi alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Mnadani ndiko alikopata sauti, na baadhi ya misamiati hakuiacha huko. Nilimsikia kwa masikio yangu akimsifia bibi harusi meno na urefu wa miguu, na baba wa bibi harusi, aliyekuwa mteja wake wa zamani, akawa anaitikia kwa kichwa. Lakini usimcheke Matiko. Alijua watu. Alinifundisha kuacha nafasi ya ngumi moja kati ya mdomo na kipaza sauti. Alinifundisha kwamba wazee huitwa kucheza kabla ya chakula, kwa kuwa baada ya chakula hawainuki. Na alinifundisha kwamba ukitaka kujua nani ni nani katika ukoo, usimuulize baba mwenye sherehe. "Baba atakwambia anavyotaka iwe," alisema. "Nenda kwa shangazi. Huyo atakwambia ilivyokuwa."

Nilimsikiliza vizuri sana, kisha nikaenda Sirari nikafanya ninavyojua.

Ilikuwa harusi ya kijana wa uwakala wa forodha, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Nikaona mwanamke amekaa mbele, mtu mzima, nguo safi, amefungwa ua kifuani. Nikamuuliza binamu wa bwana harusi, yule ni nani? Akanijibu huku anatafuna: mama wa kambo. Basi nikashika kipaza sauti, nikavuta pumzi, nikamkaribisha kwa shangwe zote, "mama wa kambo wa bwana harusi", na nikamwomba dijei amwekee wimbo.

Mama akasimama. Akacheza hatua mbili za heshima, akarudi, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa ndani ya gari. Alikaa humo mpaka sherehe ikaisha. Bwana harusi akaacha meza kuu akaenda kumbembeleza kupitia dirisha la gari, keki ikamsubiri, na bibi harusi akabaki ameshika kisu peke yake akitazamwa na watu. Nyuma yangu mwanamke wa upande wa Kenya akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji spika, "Ai! Huyu MC ameita mtu aje? Si angesema tu ni mum?"

Nilimlalamikia Mzee Matiko. Nikamwambia nimesema kweli tupu, yule ni mama wa kambo.

"Na wewe ni kipara," akasema Matiko. "Nikutangaze hivyo?"

Nikarudisha kofia kichwani.

"Hata mnadani," akaendelea, "ng'ombe mwenye chongo tunaanza kumwonyesha upande wenye jicho."

Tangu siku hiyo neno lile likawa limenikwama kama mwiba wa samaki. Nilitaka kujua kwa nini ni zito hivyo. Kwetu, katika miji ya wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, na sisi watoto tuliwaita wote mama, tukiongeza jina la mtoto wa kwanza wa nyumba ile: Mama Gati, Mama Mwita, Mama Rhobi. Kama kulikuwa na mmoja asiyetupenda, tulijua, na tulipita mbali na mlango wake. Lakini jina la kumtenga hatukuwa nalo midomoni. Mama wa kambo tulikutana naye shuleni, kwenye hadithi za Kiswahili, akimpa mtoto wa mwenzake ukoko. Nikamuuliza mwalimu mmoja hilo "kambo" limetoka wapi. Akasema Kiswahili kimetoka pwani, niwaulize wa pwani. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa Musoma.

Aliyenisaidia ni padre mmoja mstaafu niliyekuwa nikimshereheshea jubilei. Alikuwa amefundisha Kilatini seminarini miaka mingi, lugha ambayo wenyewe walishakufa wote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumsahihisha. Alifurahi kuulizwa. Nadhani hakuwa ameulizwa kitu kwa muda mrefu.

Akaniambia Warumi walimwita mama wa kambo *noverca*, na kwamba wataalamu wanalihusisha neno hilo na neno lao la "mpya". Yaani mama mpya. Nikasema, mbona hilo ni zuri? Padre akasema subiri. Askari wa Kirumi, walipokuwa wanatafuta pa kuweka jeshi wakakuta mahali pabaya, penye mteremko juu yake ambapo adui anaweza kuwashukia, mahali hapo walipaita *noverca*. Mwanajeshi wa watu yuko mbali na kwao, hana mke wala mama, anakuta ardhi mbaya, anaiita mama wa kambo. Nilisikitika kwa ajili ya wanawake wa Kirumi nisiowajua.

Baadaye, akasema, watu wa kawaida waliozungumza Kilatini cha mitaani wakaliacha neno hilo. Wakachukua la "mama" lenyewe, *mater*, wakalibandika kijimkia cha kuonyesha kwamba kitu kinafanana na kile lakini sicho. Ndiyo maana Mhispania mpaka leo anasema *madrastra*, na Mreno *madrasta*. Wafaransa nao walikuwa na lao la ukoo huo huo, likachakaa kwa ubaya mpaka likawa tusi, wakalitupa, na sasa mama wa kambo wanamwita mama mzuri. Mama mkwe naye wanamwita hivyo hivyo. Padre alisema kwa Wafaransa huwezi kujua mara moja ni yupi anayesifiwa. Na Mwingereza je? Padre akasema kile kipande cha mbele cha neno lao, *step* katika *stepmother*, hakihusiani na kupiga hatua kama nilivyodhani. Zamani kilihusu kufiwa. Kwanza kilibandikwa kwa yatima, kisha kikahamia kwa mwanamke aliyekuja kumlea.

Kwa hiyo Mrumi alitazama upya wa mwanamke, Mhispania akatazama mfanano, Mwingereza akatazama msiba. Nikamuuliza Padre kama kuna lugha iliyomuuliza mwanamke mwenyewe anataka aitwe nani. Padre akanywa chai yake.

Mnaona jinsi elimu inavyompumbaza mtu. Haukupita muda nikapata kazi kwenye kambi moja ya watalii Serengeti, ambako baba mmoja wa Kihispania alikuwa anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa, na vijana wa ngoma wa Ikoma walishakaa tayari. Alikuja na binti yake na mke wake, ambaye si mama wa binti. Nikajua hapa ndipo Kilatini changu kitakapolipa. Nikasogea mbele, nikatabasamu, nikamkaribisha *madrastra*. Kambi nzima ikasikia wadudu. Binti akafunika mdomo. Mama yule akaniangalia namna ambayo nimeshawahi kuangaliwa na nyati mmoja tu. Kijana wa Kinata, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akiwaongoza wageni wale, anayekijua Kihispania kwa kukisikia kila siku, akanivuta kando akaniambia, "Mzee, wao wenyewe nyumbani wanamwita jina lake tu. Hilo lako ni la kwenye hadithi za kutisha watoto." Vijana wa ngoma wakaanza kupiga bila kuitwa. Waliniokoa, na mpaka leo nawaombea mema.

Basi hayo ndiyo yalikuwa mavuno yangu: maneno ya mataifa mengi, na lolote ninaloligusa linaunguza. Nikafikia uamuzi kwamba nisilitumie kabisa, kwa lugha yoyote. Uamuzi mzuri, nikautumia kwa raha, mpaka nilipoitwa Gorong'a kwenye sendofu ya Gati, binti wa Mzee Marwa.

Kwa wale mnaotoka mbali niwaeleze. Katika sendofu za kwetu, sherehe za kumuaga binti anayeolewa, saa kubwa ni pale wakwe wanapomvika mama wa binti blanketi. Ni shukrani ya usiku wote aliokesha akimlea binti. Wanawake wa upande wa bwana harusi huja nalo wakiimba, limetandazwa juu ya mikono yao, na MC humwita mama asimame alipokee. Keki inaweza kuanguka chini na sherehe ikaendelea, nimeona. Blanketi likikosea mtu, mtalisikia mpaka kwa wajukuu. Na wakwe wa Gati, watu wa Serengeti, wageni kabisa wa mji ule, walikuwa wanaleta blanketi moja.

Mama walikuwa wawili. Nyangi, aliyemzaa Gati, aliondoka zamani akaenda Isebania, akaolewa huko, na sasa alikuwa na kibanda cha mitumba Sirari. Wankuru ndiye aliyeolewa baada yake, akamlea Gati, akazaa na watoto wake mwenyewe, mkubwa wao Mwita.

Nilikwenda mapema wiki hiyo kujua blanketi ni la nani. Nikaanza kwa Mzee Marwa, kwa adabu tu. Nilimkuta anafunga ua wa zizi.

"Mzee, siku hiyo nimwite mama yupi?"

Akavuta waya, akaukata, akautazama. "Si utajua mwenyewe, MC? Ndiyo maana tumekuita wewe, siyo yule wa Nyangoto."

Nikaenda kwa dada yake mkubwa, Shangazi Bhoke, aliyekuwa anachambua maharage uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeshapita kwa kaka yangu?"

"Nimepita."

"Amesemaje?"

"Amesema nitajua mwenyewe."

"Hata siku ya kuoa alisema hivyo hivyo," akasema Shangazi, akanisogezea kigoda.

Akanieleza ilivyokuwa. Nyangi aliondoka Gati akiwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Akatuma salamu kwamba harudi. Na kwetu mwanamke hajaachika mpaka ng'ombe wa mahari warudi; ng'ombe wakirudi, yeye yuko huru, watoto wanabaki. Baba yake Nyangi akawarudisha. "Hazikukaa hata kunenepa hapa," akasema Shangazi. "Marwa alizichunga ng'ombe zile zile akazipeleka kwa kina Wankuru, ndizo akamwolea. Ng'ombe zile zile, nyumba ile ile, hata mafiga hayakuhamishwa. Sasa wewe niambie, huyo kambo ameingilia mlango gani?"

Nikasema basi ni rahisi, namwita Wankuru kwa jina la Mama Gati.

Shangazi akaacha maharage. "Ni jina lake. Ila hawamwiti."

Ndivyo ilivyokuwa. Wankuru alipojifungua, majirani wakaanza kumwita Mama Mwita, na jina la Mama Gati likabaki kwa aliyekwenda zake, ng'ambo ya mpaka. Mara moja tu, Gati alipofaulu kwenda sekondari, Wankuru alijitambulisha shuleni kuwa ni Mama Gati. Mwenzake waliyekuwa naye akacheka, akasema, "Mama Gati si yuko Isebania?" Hakulitumia tena.

Nikamfuata Wankuru mwenyewe. Alikuwa anasugua sufuria kubwa za kukodi, kichwa kikiwa karibu kuzama ndani. Nikamwambia nilichoambiwa na shangazi.

"MC, usinitafutie kicheko," akasema kutoka ndani ya sufuria. "Mimi nitakuwa jikoni. Mtu wa jikoni haulizwi ni mama wa nani."

"Lakini unataka?"

Akatoa kichwa. Akaangalia nyumbani, akaangalia njiani, kama kuna mtu anasikia. "Nani asiyetaka?" akasema. Akarudi kwenye sufuria yake.

Nilimuonea huruma mwanamke yule hadi nikakasirika, na sikujua hasira hiyo niipeleke kwa nani. Niliendesha pikipiki mpaka nyumbani nikizungumza peke yangu. Nikapanga nitasema hivi: "Namwita mama wa nyumba hii." Kimila ni Wankuru bila ubishi, hakuna kambo ndani yake, na hakuna atakayecheka. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akauliza ni nyumba ipi hiyo.

Siku ikafika. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, jenereta likawekwa karibu na jikoni ili moshi wake usiwapate wageni. Likumbukeni jambo hilo mnapopanga sherehe: moshi hauwapati wageni, lakini wapishi hawasikii kitu. Nyangi akaja na wenzake wa sokoni, wote kitenge kimoja cha bluu na dhahabu, wakawekwa mbele, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia wakae nyuma. Nilitegemea kumchukia. Lakini alikuwa amekaa ameshika mikono yake yeye mwenyewe, anamtazama Gati tu, na Gati, kama inavyompasa binti anayeagwa, ameinamisha kichwa.

Wakwe wakaingia na blanketi wakiimba. Nikainua kipaza sauti, ngumi moja kutoka mdomoni, nikasema, "Namwita mama wa nyumba hii!"

Hakusimama mtu. Nikarudia. Kule nyuma jenereta likaniitikia. Wanawake wa Serengeti wakasita kidogo, wakatafuta kwa macho, wakamwona mbele yao mwanamke mwenye kitenge kizuri na uso wa Gati ule ule. Wageni wa watu wangefanya nini? Wakaelekea kwake. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Subirini!" Dijei akadhani namwambia yeye, akaongeza muziki.

Wakamvika Nyangi blanketi. Vigelegele vikapigwa na wenzake wa kitenge. Gati akainua kichwa, jambo ambalo halitakiwi, na hakumtazama aliyevikwa. Alitazama jikoni. Nami nikageuka huko. Wankuru alikuwa ametoka kuchungulia, amesimama kwenye kona ya ukuta na mwiko wake. Aliona yote. Akaubana mwiko kwapani, akapiga makofi pamoja na wengine.

Katika miaka yangu yote ya kazi, hilo ndilo jambo lililoniumiza kuliko mengine. Nilisimama pale na kipaza sauti changu na maneno ya mataifa yote.

Nyangi alishika ncha ya blanketi akaitazama. Akalivua.

"Hili ni la nani?" akauliza. Hakuhitaji kipaza sauti. Ana sauti ya kuuzia nguo pembeni ya malori.

"Ni la mama," akajibu mkwe mmoja, akitabasamu bado.

"La mama yupi?"

"Mama Gati."

"Mimi ng'ombe zangu zilirudi," akasema Nyangi. Dijei akazima muziki bila kuambiwa. "Zilirudi zote, hata yule wa pembe moja. Baba yangu alizitoa huku analia na kunitukana. Nilitaka niwe huru na nikawa huru. Nimekuja kumwona mtoto wangu akiondoka, basi. Sasa mnanipa blanketi la watu nikalale nalo. Usingizi wenyewe nitautoa wapi?"

Watu hawakujua kama wacheke. Mzee Marwa akatazama viatu vyake. Shangazi Bhoke akasema "Eee", vile anavyosema mtu aliyesikia mtoto akijibu swali sawasawa.

Nyangi akalikunja blanketi mkononi, akakata katikati ya viti kuelekea jikoni. Wakwe wakamfuata wakiimba, lakini kwa mashaka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache. Nami nikafuata. Wankuru alipomwona anakuja, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye meza ya masufuria. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta ya nyama mpaka kwenye viwiko. Akaiinua juu, huku na huku, isiguse kitu.

"Nina mafuta, Mama Gati," akasema. "Litachafuka."

"Litafuliwa," akasema Nyangi. "Na usiniite hivyo. Mimi naitwa Nyangi."

Akamtupia blanketi mabegani, akalivuta mbele, akalifunga fundo kifuani kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Wankuru mikono bado iko juu. Hakuweza kulipokea wala kulikataa. Nyangi akapangusa uso kwa kiganja, akavuta kigoda, akakaa pale pale karibu na moto, akawapa wote mgongo. Gati alikuwa amefika, ameliinua gauni lake asikanyage kuni. Alimpitia Nyangi, akamgusa begani, akaenda kusimama kando ya Wankuru akashika pindo la blanketi.

Wakwe wakaacha kuimba. Kila mtu akanigeukia mimi, MC, niseme kitu. Nikazima kipaza sauti.

Kwenye moto wa mwisho kulikuwa na mama mmoja wa jirani aliyekuwa amebaki na kazi peke yake, wenzake wote wamekuja kutazama. Moshi ulikuwa umemjaa machoni, na alichoka kutusubiri.

"We Mama Gati!" akapiga kelele. "Wewe, mwenye blanketi! Mtatazamana mpaka lini? Geuza nyama, inaungua!"

Nyangi alikuwa karibu zaidi na moto ule, lakini hakugeuza shingo.

"Abee," akaitika Wankuru. Akashusha mikono, akachukua mwiko wake, akalikusanya blanketi lisiburuze majivuni, akaenda kugeuza nyama.